Pweza Muuza Kahawa: kwa Wanaoanza Kufuma Midoli

Pweza wangu wa kwanza muuza kahawa alitoka kama keki. Jioni nne nzima nilimfuma, nikamvisha kofia, nikampa dele la manjano na vikombe vitatu, nikamweka juu ya meza nikasubiri sifa. Mtoto wa dada yangu, wakati huo ana miaka sita, akamgeuza huku na huku, kisha akaniuliza: "Mama mdogo, hii keki ya nani?"

Mtoto alisema kweli. Mapambo yote yalikuwepo, muuza kahawa mwenyewe hakuwepo. Nilikuwa nimefuata pateni ya pweza, yaani maelezo ya kumfuma raundi kwa raundi, tangu mwanzo hadi mwisho bila kugusa kitu, halafu nikambandika vitu juu, nikidhani kofia itafanya kazi ambayo mwili haukuifanya. Kwa hiyo haya ni yako wewe uliyezoea vitambaa vya meza na vifuniko vya makochi, na sasa umepata pateni ya kroshia ya pweza, au kasa, au nyangumi, ukatamani kumgeuza awe mtu mwenye kazi yake na vituko vyake.

Mfume kwanza mmoja kama pateni inavyosema, bila ubishi. Najua mwenye hamu hapendi kuambiwa hivyo. Lakini hutajua raundi ipi ndiyo paji la uso na ipi ndiyo kidevu mpaka umeshapita hapo mwenyewe na sindano. Pateni nyingi za midoli hii, ambayo Wajapani waliipa jina la amigurumi, zina mifupa ile ile: unaanza na duara la kuvuta, yaani kitanzi cha uzi kinachojifunga ukivuta ncha, lenye vitanzi 6, kila raundi unaongeza 6, unapata 12, 18, 24, 30, 36. Hapo unaacha kuongeza, unapanda raundi kadhaa sawasawa, kisha unapunguza kwa hesabu ile ile. Ukishaishika hesabu hiyo, kichwa ni chako. Raundi za katikati zikizidi, pweza anarefuka. Zikipungua, anakuwa bapa. Muuza kahawa wangu wa pili nilimwongezea raundi nne tu, akapata kimo cha mtu mzima.

Angalia pia kama aliyeandika pateni ni Mmarekani au Mwingereza. Kitanzi kifupi cha kufumia midoli hii Mmarekani anakiandika sc, Mwingereza anakiandika dc, na dc ya Mmarekani ni kitanzi kingine, kirefu zaidi. Mimi nilichanganya. Kichwa kikatoka kama papai, kina matundu ya kupitisha kidole, pamba inachungulia nje. Midoli hufumwa kwa kubana, kwa hiyo chukua sindano ndogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya uzi. Na usitegemee kumbukumbu kujua raundi ilianzia wapi, maana raundi hizi hupanda kwa kuzunguka kama ngazi ya mnara, haziachi alama. Kuna vibanio maalumu vya kazi hiyo madukani. Mimi nachomeka pini ya ushungi.

Sasa macho. Hapa ndipo nilipoharibu, na hapa nakuomba usiharakishe. Pweza wa keki nilimwekea macho katikati ya kichwa, pale ambapo ungemwekea binadamu. Siku moja niko Forodhani nasubiri chakula, nikamtazama pweza mzima aliyelazwa mezani, nikagundua kwamba miaka yote namla sijawahi kumwangalia. Kile tunachokiita kichwa chake si kichwa, ni mfuko wa viungo vya ndani. Mioyo yake, tena ni mitatu, imo humo. Macho yako chini, pale mfuko unapokutana na mikono. Nikarudi nyumbani nikayashusha macho raundi tano, na keki ikaisha palepale. Kumbe ule mfuko mkubwa uliobaki juu ya macho ndio unaompa sura ya mtu mwenye mambo mengi kichwani.

Usiyashone mara moja. Kata viduara viwili vya karatasi nyeusi, vichomeke kwa pini, muweke pweza mbali nawe, mtazame, visogeze, mtazame tena. Kwenye kichwa cha vitanzi 36, ukiacha vitanzi 8 kati ya jicho na jicho anakuwa mtoto. Ukiacha 4 anakuwa mzee mwenye wasiwasi, kama aliyekumbuka deni. Muuza kahawa nilimpa 6, na kope moja nikaishusha nusu kwa uzi wa rangi ya mwili, akawa kama mtu aliyesikia habari zote za barazani na hajaamini hata moja. Mdomo sikumwekea. Nilijaribu tabasamu mara tatu, na kila mara alirudi kuwa mdoli wa dukani.

Mikono minane ni mtihani. Pateni nyingi hukupa mikono ya kujisokota: unafuma cheni ndefu, unarudi juu yake ukitia vitanzi viwili au vitatu katika kila tundu, na kwa kuwa ukingo umekuwa mrefu kuliko cheni yenyewe, unajikunja wenyewe kama maranda ya randa la seremala. Inapendeza sana, lakini haishiki kitu. Mkono wa kushika dele lazima uwe bomba: vitanzi 7 kwa raundi, raundi nyingi, pamba kidogo tu karibu na bega. Ukitaka upinde, pitisha uzi upande wa ndani wa kiwiko, vuta, funga. Waya usitie. Leo utakaa vizuri, baada ya miezi ncha yake itatokeza, na atakayeipata kwanza ni mtoto.

Kosa la pili ni kutaka kila mkono uwe na kazi. Ukimpa dele, vikombe, sahani ya kashata, mwavuli, redio na gazeti, umefuma duka. Wangu nimempa mikono minne ya kujisokota ya kukalia, miwili ya bomba ya kazi, mmoja umelala kifuani, na mmoja uko nyuma ya mgongo, haufanyi chochote. Huo wa nyuma ndio watu wanaoucheka zaidi, kwa sababu hawautegemei.

Kofia ilinichukua muda kuliko kichwa. Kofia yetu ina juu bapa na ubavu uliosimama, kwa hiyo haifumwi kama bakuli. Unafuma duara bapa kwa kuongeza 6 kila raundi, ukifika ukubwa unaotaka unafuma raundi moja ukichukua uzi wa nyuma peke yake wa kila kitanzi, na hapo ukingo unavunjika mkali kama umepigwa pasi. Baada ya hapo unashuka bila kuongeza. Ya vitanzi 30 ilimkaa kama kifuniko cha chupa, ya 42 ikamfunika macho, ya 36 ikatulia pale juu. Kisha nikaitarizi vitobo vya uongo kwa uzi wa maziwa. Washonaji wa kofia za vito wataniona mhuni, lakini kwa mbali inapita.

Uzi wa rangi kali ujaribu kabla: ulowanishe, uuweke juu ya kitambaa cheupe, upige pasi. Ukiacha doa, usiukutanishe na kofia nyeupe. Nilijifunza kwa kufua.

Ndani ya mdoli wengine hutia sufi, kwa kuwa ipo na ni nyepesi. Kwa mto ni sawa. Kwa mdoli, nyuzi zake laini hupenya vitanzi na kuruka, na ukifua hugandamana. Pamba ya viwandani ya kujazia mito inafaa zaidi. Kuna mwaka nilitaka pweza asianguke kwa uzito wa dele nikamtia choroko kwenye makalio. Baada ya miezi michache alianza kutoa unga na wadudu. Siku hizi nashona kifuko cha kitambaa chenye kokoto, na pweza huyo ni wa kabatini tu, hachezewi.

Hilo linanileta kwa watoto wachanga. Utakutana na habari za pweza wa kufuma wanaopewa watoto njiti, utamaduni ulioanza na wafumaji wa kujitolea huko Denmark mwaka 2013. Wazo ni kwamba mtoto ashike mikono ya pweza asivute mipira ya hospitali. Wale wana masharti yao: uzi wa pamba tupu, mkono usizidi sentimita 22 ukiuvuta, aweze kufuliwa kwa nyuzi joto 60, macho ya kutarizi. Ukishamwongezea kofia na dele, mdoli wako ametoka kwenye kundi hilo, usimpeleke wodini kwa nia njema. Hata nyumbani, wakaguzi wa vitu vya kuchezea Ulaya na Marekani hutumia kikopo chenye upana wa milimita 31.7: kitu kinachoingia chote humo hakifai kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kikombe changu cha kahawa kinaingia bila kugusa ukingo. Kwa hiyo mteja akiniambia mtoto wake ana mwaka mmoja, namfumia pweza asiye na kikombe, na macho ya plastiki simwekei, natarizi.

Ukiuza, soma aliyeandika pateni anaruhusu nini. Wengi wanaruhusu kuuza mdoli uliofuma kwa mkono wako na kutaja jina lao. Kuiuza pateni yao yenyewe, hata ukibadilisha macho na kofia, ni wizi.

Wa pili nilipommaliza nilimpitisha kwa muuza kahawa wa mtaani kwetu, nikijua huyo hatanidanganya. Akaweka dele lake chini, akamshika pweza kwa vidole viwili kama anayepima samaki. Kofia akaipita. Macho akayacheka. Akafika kwenye mikono akanyamaza, kisha akanirudishia. "Anampa mteja kikombe kwa kushoto," akasema. "Nani atakunywa kahawa hiyo?"

Usiku ule nikafumua mabega mawili, nikahamisha dele kushoto na kikombe kulia.