Kuruka na mwavuli si makachu: kwa wanaoniuliza

Tangu picha zangu za kuruka na mwavuli kutoka kwenye ndege huko Diani, pwani ya Kenya, zianze kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaani, swali ni lile lile: "Tumbo halikuruki?" Muulizaji mara nyingi ni kijana wa makachu, anayejirusha baharini kutoka ukutani Forodhani, Unguja, maji yakijaa. Hesabu yake: ikiwa ukuta ule tu unampandisha tumbo kifuani, mita 4,000 zitamfanya nini?

Halikuruki, au linaruka kidogo sana. Pale Forodhani unaanza ukiwa umesimama, mara huna kitu cha kukushikilia. Kwenye ndege tayari unakwenda mbio, na ukitoka mlangoni upepo unakupokea hapo hapo. Baada ya sekunde kumi na kitu unafikia karibu kilomita 200 kwa saa, na kasi haiongezeki tena, kwa sababu hewa inakusukuma juu kwa nguvu ile ile ya uzito wako. Hapo huhisi unaanguka. Unahisi umelalia upepo, ule unaokuchapa ukitoa mkono nje ya dirisha la gari, ila sasa ni mwili mzima, na kelele zake huwezi kusikia hata sauti yako. Ufukwe uko chini, wala huoni kama unakusogelea. Yote hayo hayazidi dakika moja hivi.

Cha kutisha ni mlango. Mkufunzi yuko mgongoni, mikanda imekubana mapajani, makalio yake ndiyo yamekaa kwenye sakafu. Wewe unaning'inia kifuani kwake, miguu nje, suruali inapigapiga. Inua kidevu, tazama bawa la ndege, chini achana nako. Halafu piga kelele. Wengi wanabana pumzi bila kujijua, kisha wanasema juu hakuna hewa. Ipo. Anayepiga kelele hana budi avute pumzi.

Hewa inakosekana kule alikorukia Felix Baumgartner, yule Mwaustria wa kwenye video mnayonitumia kila siku. Tarehe 14 Oktoba 2012 aliruka kutoka kwenye puto, karibu mita 39,000, akapita kasi ya sauti: kilomita 1,357 kwa saa. Lakini mtazameni vizuri anavyozungushwa mwanzoni. Hewa ya kule ni nyepesi mno, mkono na mguu havipati cha kukamata, na pasipo suti maalumu maji ya mwilini yangechemka. Joseph Kittinger, Mmarekani aliyeruka kutoka mita 31,000 na zaidi mwaka 1960, alieleza kwamba hakuhisi mwendo wowote mpaka alipogeuka akaona puto lake linavyomkimbia. Alan Eustace aliwapita wote mwaka 2014, mita 41,419, akiwa na kijimwavuli cha kumtuliza asizunguke. Kwa hiyo anayetaka raha ya upepo, raha hiyo iko huku chini kwetu.

Kuhusu kula: kula kitu chepesi. Tumbo tupu halisaidii, na urojo wenye pilipili asubuhi ile, wallahi, utajuta. Kichefuchefu chenyewe hakiji wakati wa kuanguka. Kinakuja mwavuli ukishafunguka, mkufunzi anapoanza kuuzungusha ili akufurahishe. Mwambie mapema asizungushe, atakuelewa.

Ukiwa na mafua, ahirisha. Masikio yatakuuma wakati wa kushuka kuliko unavyodhani.

Na nyinyi mnaozamia na mitungi Mnemba pamoja na wageni, hili ni lenu hasa: msitoke majini leo mkaruke kesho alfajiri. Naitrojeni iliyoingia mwilini kule chini inataka muda wa kutoka; ukipanda juu mapema inageuka mapovu kwenye damu na viungo. Ndege yenyewe mlango uko wazi, hakuna hewa iliyobanwa ndani kama kwenye ndege za abiria. Pumzikeni saa 24 kamili.

Kabla ya kulipa, uliza kama mwavuli wa akiba una kifaa cha kuufungua wenyewe endapo mkufunzi atazimia, na kama pesa inarudishwa upepo ukikataa. Msimu wa kusi unaweza kukaa chini siku nzima unatazama bendera inavyopepea, kwa hiyo tiketi ya kurudi Unguja usiikate ya kesho yake.