Moja inatosha, ila anza na fremu

Kaka, nimekuelewa: mnahamia chumba kimoja Arusha, una baiskeli ya mbio, ya milimani na Phoenix ya marehemu mzee, na shemeji anataka ibaki moja. Inawezekana. Mimi niliuza mbili, nikanuna mwezi mzima, kisha nikazoea.

Kazi yote iko kwenye fremu. Tafuta yenye breki za diski na nafasi ya tairi lenye upana wa milimita 40 au zaidi. Halafu uwe na seti mbili za magurudumu: moja ya tairi za milimita 28 kwa lami, nyingine pana kwa vumbi na kokoto. Kubadilisha ni dakika chache tu. Diski ikisugua, legeza kalipa (kile kifaa kinachobana diski), uiweke sawa, ukaze upya.

Ubaya wake, ikiharibika huna ya pili. Weka akiba ya cheni, tyubu na kile kipande kinachoshikilia gia ya nyuma. Mara nyingi kila fremu ina chake, usitegemee kukiokota dukani. Magoti yakiuma, rekebisha siti kwanza. Yakiendelea, muone daktari.

Phoenix usiuze, bwana. Ipeleke kijijini kwa wadogo zako, itabeba maji.