Mwanangu, kuhusu ile mishipa ya jichoni

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza jikoni sikuambulia kitu kwa kelele za mdogo wako, ya pili nkatoka nkakaa chini ya mkorosho. Unauliza, kama hiyo protini inaotesha mishipa ya damu na mwili unaihitaji, mbona wananichoma sindano ya jicho kuizuia, na je haitaniharibia kwingine. Mi mwenyewe nimefundisha baiolojia miaka yote ile na swali hilo limenijia nishalala kwenye kitanda cha hospitali.

Inaitwa VEGF. Bila hiyo usingezaliwa, maana kichanga tumboni anaitegemea kuotesha mishipa yake. Mwaka 1996 watafiti waliharibu nakala moja tu ya jeni yake, yaani maelekezo ya kuitengeneza, kwa panya, ya pili ikabaki nzima, na bado vijusi vilikufa tumboni. Hata kile kidonda chako cha panga kilivyofunga, na yenyewe ilikuwepo.

Sasa seli zikikosa oksijeni ndo zinaimwaga kwa wingi. Kumbuka kwa bibi yako Newala, maji yalivyokuwa taabu kule juu, bomba linapita kwa wenzenu na nyie ndoo tupu, watu wanafanyaje? Wanaunga kienyeji usiku, mpira umekazwa kwa raba ya baiskeli, maji yanafika kweli ila njia nzima tope. Basi jicho langu ndo hivo hivo. Sukari imeziba vimishipa vya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, retina inalia haina oksijeni, VEGF inajaa, mishipa mipya inaota mbio mbio, laini, inavuja, mwingine ukipasuka damu inamwagika ndani ya jicho. Ndo yale meusi niliyokwambia yanaelea kama utando wa buibui, mi nkadhani miwani ina uchafu nkawa naifuta na kanga wiki nzima, sasa ivi nacheka ila siku ile sikucheka.

Na huko kuvuja ndo kulikoiumbua mwanzo. Mwaka 1983 kina Harold Dvorak kule Marekani waliijua kama kitu kinachofanya mishipa ivuje, halafu 1989 Napoleone Ferrara na wenzake wakaitenga wakiiona inavyokuza seli za mishipa, kumbe ni kitu kile kile kimoja.

Dawa yangu ya kuizuia ni bevacizumab. Ilianza kama dawa ya kansa ya utumbo mpana, Marekani waliipitisha 2004, maana uvimbe wa kansa nao unaitumia VEGF kujivutia damu. Sasa angalia vipimo: mgonjwa wa kansa hiyo mwenye kilo 60 anaweza kuwekewa milligramu 300 kwenye mshipa, mi jichoni naingiziwa 1.25. Kwaiyo kwingine inafika kidogo mno, ila inafika, ndo maana kila nikienda wananiuliza presha na kama nishawahi kupata kiharusi. Na wewe hospitali wakikupigia usinifichie, ila ya marehemu baba yako usiyataje, sema ya kwangu tu, hao wanachanganya mafaili.

Sindano yenyewe usiiogope kwa niaba yangu. Wanatia matone ya ganzi, wanaosha na ile dawa ya kahawia, kope zinashikwa na kiwaya, unasikia kama mtu anakusukuma na kidole basi. Ila nguvu yake inaisha, ndo maana mwanzoni narudi kila mwezi, na sukari yenyewe haiigusi kabisa, hiyo ni mimi na chai yangu, na chai nishaacha kutia sukari, muulize mdogo wako.

Jana nimechambua mchele peke yangu, nimefumba jicho la kulia nkatumia hili la sindano. Nimetoa vijiwe viwili.

Mama yako
Mtwara