Simbilisi wa kuachiwa, kabla ya kuwagawa

Dada, hao simbilisi (guinea pig) wanane unaoachiwa na jirani anayehama Uyole, Mbeya, usiwagawe wiki hii. Tenga madume na majike leo hii. Mshike kwa mikono miwili, kifuani na makalioni, kisha bonyeza taratibu juu kidogo ya sehemu ya siri: dume uume hutokeza, jike hakuna kinachotoka. Vidume watolewe kwa mama wakifika wiki 3, maana hupanda mapema mno. Jike aliyekaa na dume msubiri siku 72, kwani mimba huchukua kama siku 68.

Sungura wawe mbali, huwaambukiza ugonjwa wa mapafu. Nyasi kavu zisikatike. Mwili wao hautengenezi vitamini C, hivyo kila siku kila mmoja apate kipande cha pilipili hoho. Akikataa kutembea, magoti yamevimba, mara nyingi ni upungufu huo. Majani ya parachichi na ya viazi mviringo ni sumu, tena huku kwetu ndiyo yaliyojaa!

Baridi ya Juni na Julai, wape boksi lenye nyasi kavu, lisiwekwe jikoni penye moshi. Anayechukua apewe wawili wa jinsia moja. Akiwa pekee hunyong'onyea.