Picha ghafi za Io: mbona ni vipande?

Swali: Nimepakua picha za Io, mwezi wa Mshtarii, zilizopigwa Juno, chombo cha anga cha NASA, kilipopita umbali wa kilomita 1,500 hivi tarehe 30 Desemba 2023. Naona vipande vyembamba vya kijivu tu. Faili limeharibika?

Jibu: Faili ni zima. Juno hujizungusha takriban mara 2 kwa dakika, na kamera yake, JunoCam, hupiga kipande kipande ikizunguka. Kata faili kila pikseli 128 kwenda chini. Vipande hufuatana bluu, kijani, nyekundu, kisha bluu tena. Unganisha kila rangi peke yake, ndipo uzipandanishe. Hapa wengi hukwama: kati ya fremu moja (vipande vitatu vya rangi vilivyopigwa pamoja) na inayofuata, chombo kimegeuka zaidi ya nyuzi 4, na lenzi hupinda kingo. Usiporekebisha yote mawili, Io itazungukwa na utepe wa rangi.

Vidoa vyeupe si volkano, ni mnururisho wa Mshtarii, yaani chembe zenye nishati kubwa zinazoigonga kamera. Kidoa kilichomo katika rangi moja tu, kifute. Mnururisho huohuo uliivuruga kamera mwezi mmoja kabla. Wahandisi wakaipasha moto kwa kuwasha kipasha joto chake hadi mwisho, ikapona kwa wakati. Kazi ya kupongezwa kweli!