Jibu: Mdogo wangu anatibiwa wasiwasi lakini hapati nafuu

Salaam ndugu, pole kwa kuuguza. Umeeleza kwamba mdogo wako, mvuvi wa Ujiji, anatumia diazepamu, dawa ya kutuliza, kwa ajili ya wasiwasi, lakini bado anaamka akipiga kelele na hataki kusogea ziwani tangu mtumbwi wao ulipopinduka.

Mimi ni muuguzi huku Kasulu, na kwanza ningetaka kujua kama daktari aliambiwa habari za ajali hiyo, kwa sababu wengi hulalamikia mapigo ya moyo na kukosa usingizi, wakanyamaza kabisa kuhusu kilichotangulia. Ikiwa tukio humrudia hata akiwa macho, hukwepa kila kinachomkumbusha, hushtuka kwa kishindo kidogo, na hali hiyo imepita mwezi mmoja, huenda ni msongo wa baada ya kiwewe, yaani maradhi ya akili yanayofuata tukio la kutisha. Diazepamu humtuliza kwa muda tu, ingawa asiiache ghafla. Tiba hasa ni mazungumzo na mtaalamu juu ya tukio lenyewe.

Siwezi kumpima mtu kwa maandishi. Mpeleke hospitali ya Maweni, Kigoma, mwombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili, na akitaja kujiua msisubiri tarehe ya kliniki.