Unaanza Qigong? Chi usiitafute, anza na magoti

Swali ninaloulizwa kuliko yote na watu wanaoanza Qigong, yale mazoezi ya Kichina ya mwili, pumzi na akili, ni hili, chi, ile nguvu ya uhai inayosemwa inapita mwilini, nitaanza kuihisi lini, yaani mtu hajajua hata kusimama tayari anataka joto viganjani na kitu kinachopanda mgongoni. Jibu langu ni lilelile siku zote, usiitafute. Weka mwili sawa, pumzi itatulia, akili nayo itafuata, hiyo chi itakuja kwa wakati wake. Wachina wanafundisha kwa mpangilio huohuo, unarekebisha mwili, unarekebisha pumzi, unarekebisha moyo, yaani akili, na mi sijaona mtu aliyeruka hatua ya kwanza akafika popote.

Kwahiyo wiki zako za mwanzo simama tu. Kusimama huku kunaitwa zhan zhuang, na Wang Xiangzhai, yule mwalimu wa Yiquan, sanaa ya kupigana ya Kichina, aliyefariki 1963, alikufanya kuwa msingi wa kila alichofundisha. Miguu upana wa mabega, vidole vinaangalia mbele, magoti yamelegea kidogo sana na hayapiti ncha za vidole wala hayaingii ndani, kiuno kimeshuka kama unataka kukaa kwenye stuli, utosi umeinuka, mabega yameachiwa, ncha ya ulimi inagusa juu nyuma ya meno, mikono mbele ya kifua kana kwamba umekumbatia mti. Anza na dakika 3, ukiweza 5 sawa, na usikimbilie nusu saa kwasababu umeona mtu kwenye video. Mapaja yatatetemeka na hiyo ni misuli inafanya kazi ambayo haijaizoea, viganja vitapata joto kwasababu umelegea na damu inapita vizuri, utapiga miayo, wengine tumbo linanguruma. Yote ni kawaida. Usiyashangilie, usiyaogope, endelea kusimama. Ila goti likiuma kwa ndani, maumivu makali ya kuchoma, hapo acha siku hiyo, inua kiuno kidogo kesho yake na uangalie goti limekaa juu ya mguu au limeegemea pembeni. Wapo wanaoiacha Qigong sababu ya magoti.

Pumzi nayo iacheni. Kuna watu wanakuja wamesoma mahali kwamba lazima uvute kwa hesabu fulani, ubane, usukume mpaka dantian kule chini ya kitovu, halafu baada ya dakika chache kichwa kinazunguka na kifua kimebana. Pumzi ya mwanzoni ni kama moto wa mkaa, ukiupuliza kwa nguvu majivu yanakurukia usoni. Pumua kwa pua, taratibu, tumbo litoke na kurudi lenyewe, na usibane pumzi kabisa mpaka uwe na mwalimu anayekuona kwa macho yake.

Hili la kulazimisha nalisisitiza kwasababu lina historia. Miaka ya 1980 China ilipatwa na kitu kilichoitwa homa ya Qigong, bustani zimejaa watu, kumbi zimejaa, walimu wakubwa wanadai wanatuma chi kwa wagonjwa walio mbali, watu wanalia na kutetemeka na kuanguka, na madaktari wa akili wakaanza kupokea watu waliosikia sauti au waliochanganyikiwa baada ya kufanya mazoezi kupita kiasi. Mpaka mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa 1994 ukaiweka hali hiyo kwenye orodha yake. Wachina walikuwa na jina la hali hiyo kitambo, wanaiita zou huo ru mo, yaani moto umepotea njia na pepo wameingia, na wazee wanaionya sana. Kwahiyo kama umewahi kuugua akili, au una mtu wa karibu kwenye familia aliyewahi, fanya mazoezi ya mwili tu, ya macho wazi, achana na kukaa kimya muda mrefu ukisukuma nguvu kwa mawazo. Na mwalimu anayekwambia sauti unazosikia ni dalili nzuri, mkimbie.

Ukishaweza kusimama chukua seti moja ya mikao, moja tu. Mi napendekeza Baduanjin, mikao minane, jina lake lipo kwenye maandishi toka enzi za ukoo wa kifalme wa Song, na 2003 China ilitoa toleo rasmi la kufundishia pamoja na seti nyingine tatu, Wuqinxi ya wanyama watano, Yijinjing na Liuzijue ya sauti sita. Yote minane inachukua kama dakika 12 tu. Unainua viganja juu kama unabeba mbingu, unavuta upinde kushoto na kulia, mkono mmoja juu mmoja chini, unageuza shingo kuangalia nyuma, na wa mwisho unanyanyua visigino na kuviachia mara 7. Ukiufanya mkao wa kwanza vizuri, bega linashuka wakati mkono unapanda, umeshapata nusu ya Qigong. Kukusanya seti sita kwa mwezi hakukupeleki popote.

Historia ijueni ila msiitie chumvi. Kuna walimu wanasema Qigong ina miaka 5000, na mwanafunzi akikugundua umezidisha hapo hatakuamini na kwingine. Ukweli unatosha kabisa, kwenye kaburi la Mawangdui kule Changsha lililofungwa 168 kabla ya Kristo walikuta kitambaa cha hariri chenye picha 44 za watu wakinyoosha viungo. Jina lenyewe Qigong ndio limeenea karibuni, miaka ya 1950, Liu Guizhen na wenzake walipokuwa wakiwafundisha wagonjwa kwenye vituo vya tiba kama kile cha Beidaihe.

Huku kwetu utaulizwa pia kama hii ni dini. Jibu kwa ukweli, imepitia kwa Watao, kwa Wabudha, kwa waganga na kwa wapiganaji, na baadhi ya njia zina ibada ndani yake. Baduanjin ile rasmi haina dua wala sanamu, ni viungo na pumzi, na mtu anaweza kuifanya baada ya swala ya alfajiri au kabla ya kwenda kanisani bila kubadilisha imani yake. Mtu akisikia uzito moyoni msimlazimishe.

Sasa wanaotaka kufundisha. Kabla ya darasa la kwanza muulize kila mtu pembeni, sio mbele za watu, presha, sukari, mimba, upasuaji, dawa anazotumia. Mwenye presha asiiname na kushusha kichwa chini kwenye mkao wa sita, aishie mikono magotini. Mwenye kisukari anayetumia insulini asije na tumbo tupu. Na kamwe, nasema kamwe, usimwambie mtu apunguze dawa kwasababu anajisikia vizuri, hata kama anakuomba umruhusu, mwambie arudi kwa daktari wake na vipimo. Qigong inasaidia usingizi, inasaidia wazee kutoanguka, inatuliza mtu, hayo yanatosha kuifundisha kwa heshima, huna haja ya kuahidi kuponya kansa.

Darasani ongea kidogo. Rekebisha kitu kimoja kwa mtu mmoja kwa siku, ukimrekebisha vitano anakakamaa. Usimguse mtu bila kuomba ruhusa, kina mama hasa, mara nyingi kujiweka wewe mwenyewe kwenye mkao sahihi mbele yake kunatosha. Na lingine dogo linalowachanganya wageni kuliko yote, ukisimama umewaangalia kushoto kwako ni kulia kwao, kwahiyo unapofundisha mkao mpya wageuzie mgongo wafuate mikono yako, halafu uwe na msaidizi mmoja anayezunguka nyuma kuangalia magoti.